Kuandika sheria ya usalama wa nyuklia inayokidhi mikataba ya kimataifa

Anza na mdhibiti, yaani chombo cha serikali kinachotoa leseni na kusimamia usalama wa nyuklia; kinu kitafuata. Ibara ya 8 ya Mkataba wa Usalama wa Nyuklia wa 1994 inataka kazi za mdhibiti zitenganishwe na za wanaoendeleza au kutumia nishati ya nyuklia. Rasimu huteleza hapa: kifungu kimoja kinasema "huru", kinachofuata kinampa waziri wa nishati rungu la kumfukuza mkurugenzi wa chombo hicho na kukikatia bajeti. Soma vifungu vya uteuzi, fedha na rufaa kwa pamoja. Uhuru hupotelea humo.

Kisha tamka kuwa mwenye leseni ndiye mwajibikaji wa kwanza wa usalama (Ibara ya 9), na mpe mdhibiti uwezo wa kukagua, kusimamisha na kufuta leseni.

Viwango vya mionzi viweke kwenye kanuni, maana kurudi bungeni kila mara ni kujitesa: milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) 1 kwa mwaka kwa raia; kwa wanaofanya kazi na mionzi, wastani wa 20 kwa mwaka ndani ya miaka 5, bila kuvuka 50 mwaka wowote.

Mkataba huo wa 1994 unahusu vinu vya umeme vya kiraia vya nchi kavu tu. Taka za nyuklia zina mkataba wake wa 1997. Taarifa za ajali, ule wa 1986.