Dawa za mzee nyumbani: anza kwa kumwaga mkoba wote mkekani

Nyumba nyingi za wazee ninazozungukia hapa Dodoma, dawa hukaa kwenye mkoba uliotundikwa msumarini. Ukiuliza unaambiwa, "Hizi nyeupe za presha, zile za miguu." Kabla hujanunua kisanduku cha kupangia dawa, fanya hivi.

Hatua ya 1: Mwaga kila kitu

Mwombe mzee ruhusa kwanza. Ni vitu vyake, na ukimpekua kama mtoto atakuficha vingine chini ya godoro. Toa za hospitali, za duka la dawa, alizogawiwa na jirani, hata mizizi iliyotoka kijijini. Kisha soma maandishi madogo chini ya jina kubwa la kila pakiti. Jina kubwa ni la kibiashara. Hilo dogo ndiyo dawa yenyewe.

Kwa mama mkwe wangu nilikuta pakiti mbili, ya bluu na nyekundu, majina tofauti kabisa. Moja alipewa Chamwino, nyingine mjini miezi miwili baadaye. Chini ya zote mbili: amlodipini, dawa ya presha, miligramu 10. Alikuwa akimeza zote kila asubuhi, na sisi tukisema miguu kuvimba na kizunguzungu ni uzee. Mimi ni muuguzi, naishi naye, na sikuwa nimesoma yale maandishi. Bado inaniuma.

Weka pembeni zilizopitwa na muda, zisizo na jina, na za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Wazee wetu huzitegemea kwa magoti, lakini hupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa anayemeza vidonge vya kupunguza maji mwilini. Dawa aliyoandikiwa hospitali usimwachishe kwa uamuzi wako. Peleka rundo lote kwa daktari au mfamasia aamue.

Hatua ya 2: Daftari

Andika lile jina dogo, miligramu, inatibu nini, na saa. Hapa kwenye saa kuwa makini: kuna mjukuu aliambiwa "saa moja asubuhi", akatega simu 1:00, ikamwamsha bibi saa saba usiku. Kwenye simu saa moja asubuhi ni 7:00.

Hatua ya 3: Mgawaji mmoja

Chagueni mtu mmoja kwa siku. Atie alama daftarini baada ya kuona dawa imemezwa, si baada ya kuiweka mezani. Bila hivyo binti atatoa, na dada wa kazi naye atatoa.

Hatua ya 4: Sukari

Kama anatumia glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, na leo amekataa uji, usimpe kidonge. Piga simu kliniki kwanza. Akitoka jasho, akatetemeka au maneno yakamchanganya, huenda sukari imeshuka. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, umpime sukari baada ya dakika 15. Akiwa amezimia usimtie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, mbali na barafu. Iliyofunguliwa, wakati wa joto la Oktoba na Novemba chini ya bati, iweke kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa. Andika tarehe ya kuifungua. Nyingi hutumika kwa takribani wiki 4 tu.

Hatua ya 5: Presha

Apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono usawa wa moyo. Pima mara mbili, andika zote. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama.

Siku ya kliniki beba daftari na mkoba wote, pamoja na ile mizizi. Daktari akiuliza, mwache mzee ajibu mwenyewe kwanza, kisha wewe ujazie.