Bunduki ya mtu wa ughaibuni: mambo ya kuzingatia kabla hujainunua, na kabla hujaileta Kusini mwa Tanzania

Msimu wa kilimo ukianza tu, simu nazo zinaanza. Kijana wa Newala yuko Texas, wa Nachingwea yuko Johannesburg, wa Masasi anaendesha lori sijui jimbo gani, na swali ni lilelile: "Kaka, nguruwe wamemaliza mihogo ya mama. Mimi huku nina bunduki yangu, naileta vipi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nimekaa Marekani miaka 13, nimemiliki bunduki kule, nimemiliki na huku, na huku ndiko nilikoungua. Soma kwanza mpaka mwisho, ndipo unipigie.

Anza na karatasi zako za ukaazi, bunduki baadaye. Watu wakiona Marekani maduka ya silaha yako wazi kama maduka ya viatu hudhani kila aliyemo ndani ya nchi anaruhusiwa kununua. Mwenye grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa na sheria ya nchi nzima, ingawa majimbo nayo yana masharti yake. Aliyeingia kwa viza ya muda, awe mwanafunzi, mtalii au mfanyakazi wa mkataba, hatakiwi hata kuishika, isipokuwa awe kwenye mianya michache ya sheria, kama vile kuwa na leseni hai ya uwindaji. Asiye na karatasi kabisa, hilo hata tusilizungumze. Na kuishika maana yake ni kuishika kweli: ile Jumamosi rafiki anakupeleka kulenga shabaha, unapiga tatu, unapiga na picha, tayari umeingia. Kifungo kinaweza kufika miaka 15, na ukimaliza unapandishwa ndege ya kurudi kwenu. Fomu inayojazwa dukani, ile namba 4473, inakuuliza hayo yote waziwazi. Ukidanganya pale umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Afrika Kusini, ambako ndugu zetu wengi wako, lazima uwe raia au mkaazi wa kudumu, uwe na miaka 21, upate kwanza cheti cha umahiri, halafu uombe leseni ya kila bunduki peke yake. Kibali cha kazi hakitoshi. Uingereza walipiga marufuku bastola mwaka 1997, kwa hiyo ukiwa London jishughulishe na mambo mengine. Nchi za Ghuba usiulize hata kwa utani.

Nunua sanduku la chuma kabla ya kununua bunduki. Risasi zikae mbali na bunduki. Funguo mfukoni mwako, siyo juu ya kabati.

Sasa kusafiri nayo. Bunduki inasafiri tupu, ndani ya kasha gumu lenye kufuli, inatangazwa kaunta, inakwenda na mizigo ya tumboni mwa ndege. Hilo kila mtu analijua. Wanachosahau ni kituo cha katikati. Unapita Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, na kila nchi unayobadilishia ndege ina ruhusa zake za kuombwa mapema. Ukijifanya mjanja wa bei rahisi, ukakata tiketi mbili za mashirika tofauti, ukifika katikati unalazimika kuchukua mzigo na kuukagulisha upya. Hapo wewe si mpita njia tena, umeingiza silaha katika nchi ya watu. Dola mia ulizookoa zitakwisha kwa mkalimani.

Sheria ya Marekani inamruhusu raia na mwenye grini kadi kutoka na bunduki zake mwenyewe kwa muda, zisizozidi tatu, na risasi zisizozidi 1000, bila leseni ya kuuza nje, ila taarifa za forodha anajaza kabla ya kuondoka. Masharti ni kwamba arudi nazo. Arudi nazo! Ukimwachia mama pale Tandahimba umeshasafirisha silaha nje bila leseni ya Wizara ya Biashara yao, na siku ukirudi mikono mitupu utaulizwa.

Upande wa nyumbani, kibali kinatangulia, ndege inafuata. Hakuna kibali cha kuombea uwanja wa ndege pale Dar es Salaam huku umebeba kasha begani. Najua wengi mmewaona wawindaji wa kizungu wakishuka na makasha yao kwenda vitalu vya Selous upande wa Liwale, mkadhani mambo ni mepesi. Yule ana kampuni ya uwindaji yenye leseni inayomhangaikia karatasi miezi kabla hajafika, kibali chake ni cha muda, na bunduki yake inaondoka naye. Na nyinyi mnaofanya kazi na wageni wa gesi kule Msimbati na Madimba, mgeni akikuuliza pembeni wapi apate "kitu cha kujilinda", mwelekeze kampuni ya ulinzi. Usijitie udalali.

Ukitaka kumiliki hapahapa, unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Unaanzia chini: serikali ya kijiji au mtaa ikujadili, kata ikujadili, uende kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, upande mkoani, ndipo jalada liende kwa Msajili wa Silaha makao makuu. Sababu yako itaulizwa kila ngazi, na alama za vidole utatoa. Likizo ya wiki tatu haitoshi. Mimi nilitumia likizo mbili na nauli za kwenda na kurudi, na kila ofisi nilitakiwa niwepo mwenyewe, na hiyo ni haki kabisa. Ukiambiwa na mtu kwamba kuna njia ya mkato, mwulize anaitwa nani, andika, halafu ondoka.

Hapo ndipo ninapofika kwenye langu.

Nilipata leseni, nikanunua shotigani kwa muuzaji mwenye kibali, nikaisafirisha mpaka kijijini kwetu, kilomita chache kutoka bonde la Ruvuma. Nilikuwa najiona. Mwanzoni mwa 2021 likizo ikaisha, nikatakiwa nirudi Houston. Bunduki niiache wapi? Mtu yeyote wa huku kwetu atakupa jibu bila kufikiri: kwa mjomba. Sisi ukoo tunauhesabu kwa mama. Mjomba ndiye aliyenipeleka jandoni, ndiye anayekaa mbele posa ikiletwa, ndiye anayejua mipaka ya mikorosho yetu. Kumnyima mjomba funguo za sanduku ni sawa na kumwambia hadharani kwamba simwamini. Nikampa. Nikampa na leseni yenyewe, eti akiulizwa aonyeshe. Nikasema, "Mjomba, ikae tu, usiitumie." Akasema, "Haya." Wazee wakisema haya, kuna haya nyingi.

Sasa kumbukeni ulikuwa wakati gani. Oktoba 2020 Kitaya, kijiji cha mpakani upande wetu, ilishambuliwa na wapiganaji kutoka Msumbiji. Machi 2021 Palma, mji ng'ambo ya pili Msumbiji, ikashambuliwa, watu wakavuka Ruvuma na watoto na mabegi. Mpaka wote ulikuwa macho. Mtu akidondosha sufuria usiku, majirani wanasimama.

Aprili, mahindi yameshabeba, nguruwe wakaingia usiku wa tatu mfululizo. Mjomba akafungua sanduku, akapiga mbili hewani. Nguruwe walikimbia, naam. Na kijiji kizima kilikimbia. Mama mmoja alitoka na mtoto mgongoni na kanga ya kulalia, akatembea mpaka barabara kuu hajageuka nyuma. Kijiji cha pili kikapiga simu wilayani kwamba wameingia. Haikupita muda, magari mawili.

Mjomba wangu hakukimbia. Aliwapokea kwa salamu, akatoa leseni kifua mbele, maana alijua karatasi ipo. Nimesimuliwa na binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni:

"Huyu mwenye jina hili yuko wapi?"

"Marekani."

"Na wewe ni nani?"

"Mjomba wake."

"Mzee, hapa hapajaandikwa mjomba."

Simu ilinikuta saa mbili usiku, nimetoka kazini, kwao ni saa kumi alfajiri. Nilidhani ni msiba. Nikasema ni kitu kidogo, nitamwombea radhi, leseni si ni halali? Wakili niliyempata Mtwara mjini alinyamaza kwanza, kisha akanieleza polepole kama anayemweleza mgonjwa. Leseni ni ya mtu, haikai kwenye nyumba wala kwenye ukoo. Anayekutwa na bunduki isiyo na jina lake amekutwa nayo bila leseni. Kosa hilo limewekwa kwenye kundi la uhujumu uchumi, sheria ileile inayowakamata wenye pembe za ndovu, na vifungo vyake ni vya miaka 20 mpaka 30. Mahakama ya wilaya hata haianzi kusikiliza mpaka kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka kitoke. Kwa hiyo mzee wa miaka 66, ambaye hajawahi kuiba hata embe, anakaa mahabusu akisubiri karatasi.

Alikaa miezi minne. Tarehe inatajwa, anapelekwa, upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Nami niliitwa nijieleze kwa nini silaha niliyokabidhiwa nimeiacha mikononi mwa mtu mwingine, nikaacha kazi, nikapanda ndege. Mwezi wa nane shauri likaondolewa. Alitoka amekonda, shati linamning'inia, akaomba kwanza chumvi ya kusukutulia fizi. Bunduki haikurudi, leseni haikurudi, na sikuidai. Mama yangu alikuwa akinipakulia chakula bila kunisemesha mpaka tarehe yangu ya kuondoka. Mjomba mwenyewe ndiye hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Basi sikiliza vizuri. Unaposafiri, silaha unaikabidhi kituo cha polisi au kwa muuzaji mwenye leseni, unapewa karatasi ya mapokezi yenye namba ya bunduki na idadi ya risasi, unaipiga picha, unaondoka na nakala. Ukirudi unaichukua. Hata kama ni wiki moja tu Dar. Usimwachie mjomba, mke, mlinzi wala mchungaji. Mjomba atakununia siku mbili; heri hivyo. Na kule uliko ni vilevile: ukiwa na grini kadi ukamwachia bunduki kijana mwenzako wa Lindi mnayekaa naye, naye yuko kwa viza ya masomo, umemfanyia nililomfanyia mjomba. Ukifa nayo, warithi wasiigawane kama mikorosho. Inapelekwa polisi, na anayeitaka aombe kwa jina lake.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: leseni ya bunduki si ruhusa ya kuua mnyama. Nguruwe pori ana sheria yake, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na ana afisa wake pale wilayani. Mwite huyo kwanza. Tembo ndio kabisa, usimguse. Watu wa Liwale na Nachingwea wanajua kufunga kamba zenye pilipili na oili chafu, na kupiga madebe kwa zamu. Mjomba sasa ana mbwa wanne na debe moja lenye mlio mbaya kuliko bunduki. Mihogo tunavuna.

Kama kuna gobole la babu darini, lile la kushindilia baruti, nalo ni silaha. Usijifanye ni pambo. Jeshi la Polisi hutangaza vipindi vya kusalimisha kwa hiari, na vikitangazwa mpeleke mzee mwenyewe akiwa na mwenyekiti wa kijiji.

Mnaovuka kwenda Msumbiji kwa biashara, iwe kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala au kwa kivuko cha Kilambo, pekua mabegi. Hata ganda tupu la risasi lililobaki mfukoni mwa koti la mtu aliyekuazima litakupa usiku mrefu. Viwanja vya ndege ni hivyohivyo: yule uliyekwenda naye kulenga shabaha amekupa ganda kama ukumbusho, umelitia kwenye mkufu wa funguo, mashine inaliona.

Uraka, pombe ya mabibo ya korosho, na bunduki havikai nyumba moja. Msimu wa mabibo ukifika na wewe unajijua, kaikabidhi mapema.

Lipia leseni kabla haijaisha. Usiazime. Usiazimwe. Usimwambie fundi ujenzi sanduku liko chumba gani. Usimwonyeshe shemeji. Watoto wasijue kabisa kwamba ipo, maana mtoto akijua, shule nzima imejua. Na ile picha umeinua mtutu umevaa miwani, uliyoiweka kwenye status na kuandika "mkulima wa kisasa", ifute leo. Nimeiona mimi, na mtendaji wa kata yenu yumo kwenye kundi lilelile.