SOMO: Bogenvilia ya ukutani, kuanzia kijiti hadi maua

Wakuu, kila masika yakikaribia naulizwa yale yale: "kijiti kimekauka", "mbona haitoi maua". Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Mimi niko Dar, joto na udongo wa kichanga. Wa Lushoto na Njombe, kwenu itakwenda polepole zaidi.

1. Kata kijiti kwenye tawi lililokomaa, la kahawia, si la kijani. Unene wa penseli, urefu sm 15 hadi 20. Chini kata mshazari, juu kata sawa, usije ukakipanda kichwa chini.

2. Toa majani yote.

3. Kipande kwenye kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche) chenye matundu, mchanga na samadi iliyooza. Mfinyanzi hapana.

4. Weka kivulini, mwagilia udongo ukikauka juu. Kitachipua majani mapema, usishangilie. Yanakula akiba ya kijiti, mizizi bado. Na usikivute eti unaangalia. Ngoja mizizi ichungulie kwenye matundu ya kiriba.

5. Kuhamishia ardhini. Miche niliyowahi kupoteza karibu yote ilifia hapa, tena ikiwa imenawiri. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na haishiki udongo vizuri. Bonge likimomonyoka, mizizi inakatika nalo. Kwa hiyo USISHIKE SHINA UKAVUTA. Mwagilia siku moja kabla ili udongo ushikane. Siku ya kupanda, jioni, chana kitako cha kiriba kwa wembe, kitue shimoni na plastiki yake, kisha chana ubavu na uichomoe taratibu huku ukifukia. Usikung'ute udongo, usishindilie kwa kisigino, maji yatakaza yenyewe. Majani yakilegea siku mbili tatu, tulia. Wengi wanaingiwa na hofu, wanamimina ndoo nzima, mche unaoza.

6. Jua saa sita kwa siku au zaidi. Chini ya mwembe usijisumbue.

7. Haina vikono vya kujisokota kama pasheni, inajishikiza kwa miiba tu. Pigilia misumari ya zege, pitisha waya, kisha funga matawi kwenye waya kwa vipande vya kanga kuukuu. Ukifunga kwa waya, tawi likinenepa litakatwa gome.

8. Ikishashika, maji kwa nadra. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kila yakipukutika, pogoa. Vaa glavu.

MASWALI

Jirani wa Goba: Mkuu sijasoma yote, yangu ina mwaka wa pili majani tu. Tatizo nini?
— Tatizo ni hilo la kutosoma yote. Namba 6 na 8.

Jirani wa Goba: Jua lipo. Namwagilia asubuhi na jioni, yurea naweka.
— Yurea ni chakula cha majani, na majani umepata. Acha yurea, acha maji mpaka majani yaanze kulegea.

Jirani wa Goba: Bwana shamba alisema niweke.
— Kwa mahindi yuko sahihi.

Mama Kibaraza: Samahani mwalimu, nimeona katikati ya ua kuna vimirija vyeupe. Hayo ndiyo maua?
— Hapo umeangalia kweli, dada. Hivyo ndivyo maua yenyewe, mara nyingi vitatu. Zile za rangi ni aina ya majani, ndiyo maana hukaa wiki nyingi bila kunyauka. Chukua moja uliangalie juani, utaona mishipa kama ya jani lolote.

Mpwa wa Mbezi: Eti inaleta nyoka?
— Nyoka anafuata panya, panya anafuata kichaka. Safisha chini ya shina.

Bint Pangani: Mie nataka asumini karibu na dirisha. Hatua ni hizi hizi?
— Vijiti ndiyo, ila asumini inataka maji zaidi. Jua vilevile.

Wa Unguja: Niongezee hapo. Kama ni za kikuba (kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake), bibie, chuma jioni zingali vitumba vyeupe, zinafunguka usiku. Ukingoja asubuhi utakuta zimeshamwaga harufu.

Bint Pangani: Ahsante. Na zikae wapi mpaka usiku?

Wa Unguja: Kwenye sahani, uzifunike kitambaa kibichi.