Namna ya Kupanga Maktaba ya Familia ili Kila Kitabu Kirudi Mahali Pake

Mwongozo huu ni wa nyumba ambamo kuna angalau mpenzi mmoja wa vitabu, pamoja na watu wengine ambao hawana shauku hiyo lakini wanaishi na vitabu hivyo kila siku. Nimesaidia familia kadhaa kupanga vitabu vyao, na msimamo wangu haujabadilika: maktaba ya nyumbani hupimwa kwa urahisi wa kurudisha kitabu, wala si kwa uzuri wa rafu inapotazamwa. Anayetafuta kitabu ana ari ya kukitafuta, na atavumilia kupekua. Anayekirudisha amechoka, ana haraka, au ni mtoto, na mpangilio ukimtatiza atakiacha popote pale. Uamuzi wa kila hatua hapa chini umefanywa kwa kumfikiria huyo wa pili.

Hatua ya kwanza: Kusanya vyote

Tandika shuka sakafuni na ulete vitabu vyote hapo, pamoja na vilivyo chini ya vitanda, ndani ya mikoba na kwenye maboksi. Vya kuazima vitengwe tangu mwanzo na virudishwe kwa wenyewe.

Hatua ya pili: Kagua kabla ya kuchanganya

Kitabu chenye kuvu au wadudu hakipaswi kulala rafu moja na vizima hata usiku mmoja. Fungua kila kitabu katikati na karibu na mshono, ukitafuta madoa yenye vumbi laini, harufu ya uvundo, matundu madogo ya duara, au karatasi iliyolambwa juujuu na wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaopenda gundi na wanga. Dalili za mchwa zikionekana, tatizo liko ukutani au sakafuni, na lishughulikiwe huko kwanza.

Kitabu chenye kuvu kikaushwe mahali penye hewa inayopita, kivulini, kisha kuvu iliyokauka ifagiliwe kwa brashi laini nje ya nyumba, huku mfagiaji amevaa barakoa. Usikifute kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu utaisukuma kuvu ndani ya nyuzi za karatasi. Kitabu chenye wadudu kinaweza kutiwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa barabara na kuwekwa katika friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, kwa wiki mbili. Kikishatolewa, mfuko usifunguliwe hadi kitabu kirudie joto la chumba, yaani kesho yake, ili unyevu ugande nje ya plastiki badala ya kwenye kurasa. Baridi hiyo huua wadudu, lakini kuvu huisimamisha tu. Hali ya chumba isipobadilika, itarudi. Unyevu wa hewa ukidumu juu ya asilimia 65 kuvu hupata nafasi ya kuota, na kipimo kidogo cha unyevu kinachowekwa juu ya rafu ni kifaa ambacho ningekinunua kabla ya kununua rafu yenyewe.

Kurasa zilizochanika zisigusane na selotepu. Gundi yake hugeuka njano, hupenya karatasi, na baada ya miaka michache plastiki hubanduka ikiacha doa lisilotoka. Funga kitabu hicho kwa utepe wa pamba na usubiri hadi upate karatasi nyembamba ya kurekebishia na gundi ya wanga.

Hatua ya tatu: Punguza

Kila mtu aamue kuhusu vitabu vyake mwenyewe, na mtoto ahesabiwe kuwa mtu. Hakuna aliye na haki ya kutoa kitabu cha mwenzake kwa hoja kwamba hakisomwi. Kinachotolewa kiwe kile ambacho wewe mwenyewe ungefurahi kukipokea.

Hatua ya nne: Pima rafu

Mita moja ya vitabu vya kawaida vilivyosimama huwa na uzito wa takriban kilo 20 hadi 30, na vitabu vikubwa vya picha huzidi hapo. Kwa hiyo ubao wa milimita 18 uliotengenezwa kwa chembe za mbao zilizoshindiliwa usiachwe bila nguzo kwa zaidi ya sentimita 80, la sivyo utapinda katikati. Kina cha sentimita 20 hadi 25 kinatosha kwa riwaya na vitabu vingi vya maarifa. Rafu yenye kina zaidi hualika safu ya pili mbele ya ya kwanza, na kitabu kilichofichwa nyuma ni kama hakipo. Urefu wa nafasi uwe karibu sentimita 25 kwa vitabu vya kawaida, na karibu 33 kwa vyenye ukubwa wa A4, ambavyo urefu wake ni sentimita 29.7.

Kabati lisimame mbali kidogo na ukuta wa nje ili hewa ipite, na juani lisikae. Tena, kabati lolote linalomzidi mtoto kimo lifungwe ukutani kwa skrubu na vishikizi vya chuma, maana watoto hupanda rafu kama ngazi. Sipangi vitabu katika kabati lisilofungwa, hata mwenye nyumba akiona haina haja.

Hatua ya tano: Amua mpangilio

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama, na hapa ndipo siku nzima inaweza kupotea huku vitabu vikiwa bado sakafuni. Sababu ni kwamba watu huanza na swali la alfabeti wakati lipo swali linalotangulia, nalo ni kitabu hiki husomwa wapi na huchukuliwa na nani. Vitabu vya mapishi viwe karibu na jiko, ila si mahali mvuke na mafuta yanapofika. Kamusi na vitabu vya shule viwe mkono unapofika kutoka kwenye meza ya kusomea. Vya watoto wadogo viwe chini kabisa, vikionyesha jalada badala ya mgongo, kwa kuwa mtoto asiyejua kusoma hukitambua kitabu kwa picha. Ukikamilisha mgawanyo huu wa mahali, nusu ya tatizo imekwisha kabla hujapanga herufi hata moja.

Baada ya hapo weka makundi mapana, yasizidi kumi kwa nyumba nzima. Wako wanaoshauri kutumia mfumo wa maktaba za umma, hasa ule wa namba ambao Melvil Dewey aliuchapisha mwaka 1876. Ninauheshimu mfumo huo, lakini kwa nyumbani siushauri. Umekusudiwa kugawa elimu yote, wakati nyumba ya kawaida ina vitabu vingi vya aina chache tu. Fasihi yote ya Kiswahili, kwa mfano, imewekwa chini ya namba 896.392, hivyo familia yenye rafu tatu za riwaya na diwani za Kiswahili itajikuta ikiandika namba hiyo hiyo, au yenye nyongeza ya tarakimu moja, kwenye kila kitabu, bila kupata msaada wowote wa kuvitofautisha. Majina ya makundi yawe maneno ambayo watu wa nyumba hiyo huyatumia wenyewe. Kama wao husema "vitabu vya bustani", usiandike "kilimo".

Kuhusu lugha, vitabu vya maarifa nisingevitenga. Mtu anayetaka kujua namna ya kupunguzia miti matawi anatafuta mada, na atafurahi kukuta vitabu vya Kiswahili na vya Kiingereza vikiwa pamoja. Hadithi ni jambo jingine, kwa kuwa msomaji wa riwaya mara nyingi huamua lugha anayotaka kusoma kabla ya kuamua kitabu, na hapo kutenga kunasaidia.

Sasa ndipo alfabeti inapoingia, na kwanza jiulize kama unaihitaji. Kundi linaloenea rafu mbili au pungufu halihitaji alfabeti. Jicho hulipitia lote kwa muda mfupi kuliko unaotumika kukumbuka kanuni. Riwaya zikifika rafu nne au tano, basi zipangwe kwa jina la mwandishi, na hapo utakutana na ugumu ambao miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya majina ya Ulaya haiutaji. Waandishi wetu wengi hutumia jina lao, la baba na la babu, wala hawana jina la ukoo. Mwandishi huyohuyo anaweza kuonekana kwa majina matatu kwenye jalada moja, kwa majina mawili kwenye jingine, na kwa herufi za kwanza tu kwenye la tatu. Wengine wamebadili majina wakiwa tayari wamechapisha. Usipoamua mapema, vitabu vya mtu mmoja vitatawanyika mahali patatu, na kila anayevirudisha atavitawanya upya.

Kanuni ninayoitumia ni kushika jina la mwisho kama lilivyo kwenye jalada la kitabu chake cha zamani zaidi kilichomo nyumbani, kisha kufuata jina hilo kwa vitabu vyake vyote hata jalada jingine likiandika tofauti. Ninalipendelea jina la mwisho kwa sababu ndilo linalotangulizwa katika maktaba na katika orodha za marejeleo, na watoto wakilizoea nyumbani hawatahangaika huko. Hata hivyo, familia inayowataja waandishi kwa jina la kwanza inaweza kupanga kwa jina la kwanza bila hasara yoyote, ilimradi isichanganye kanuni mbili. Vyeo kama Sheikhe, Dkt. na Profesa havihesabiwi. Kitabu cha waandishi wawili hufuata wa kwanza kutajwa, mkusanyiko wa waandishi wengi hufuata jina la kitabu, na tafsiri hukaa kwa mwandishi wa asili, si kwa mfasiri. Mfululizo haupangwi kwa alfabeti hata kidogo, bali kwa namba za vitabu vyake. Jina lolote lililokupa mashaka liandikwe kwa penseli laini ya 2B kwenye kona ya ndani ya ukurasa wa kwanza, ili anayerudisha asilazimike kuamua upya. Kalamu ya wino isikaribie kitabu.

Kupanga kwa rangi za majalada sikubaliani nako. Aliyekwisha kukisoma kitabu hukumbuka rangi yake, lakini ambaye hajakisoma hana pa kuanzia, na mfululizo wenye majalada ya rangi mbalimbali huvunjwa vipande vipande.

Kabla ya kubandika jina lolote kwenye rafu, jaribu mpangilio kwa wiki mbili ukitumia vipande vya karatasi vilivyochomekwa kati ya vitabu. Kisha toa vitabu vitano kutoka makundi tofauti, umpe mtoto mmoja na mtu mzima mmoja ambaye hakushiriki kupanga, na uwaombe wavirudishe bila kuuliza. Wakisita mbele ya kundi fulani, kasoro iko katika jina la kundi au mahali pake, hivyo badilisha hilo, usiwafundishe wao. Na kila rafu iachiwe nafasi tupu ya karibu theluthi moja, kwa sababu rafu iliyojaa hukataa kitabu kinachorudi na kumlazimu mtu akilaze juu ya vingine. Vinavyobaki visimamishwe wima kwa vishikio vizito vya chuma, visije vikainama na kupinda migongo.

Hatua ya sita: Andika orodha

Programu za simu zinazosoma msimbopau huleta jina la kitabu na mwandishi papo hapo, lakini vitabu vingi vya Kiswahili, hasa vya zamani, havimo katika hazina zao. Mimi napendelea jedwali la kompyuta lenye safu sita tu: mwandishi, jina la kitabu, mwaka, ISBN (namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu), kundi na mwenye kitabu. Familia isiyo na kompyuta itumie daftari gumu lenye kurasa zilizoshonwa.

ISBN inahitaji uangalifu kidogo. Vitabu vilivyochapishwa kabla ya mwaka 2007 kwa kawaida vina namba ya tarakimu 10, vya baadaye vina 13, na vya zamani zaidi vinaweza visiwe nayo kabisa. Usigeuze ya 10 kuwa ya 13 kwa kutanguliza 978 tu, kwani tarakimu ya mwisho nayo hubadilika. Ukitaka kuhakikisha kwamba namba ya tarakimu 13 imenakiliwa sawasawa, zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, na hivyo kwa zamu hadi mwisho. Jumla ikigawanyika kwa 10 bila baki, namba haina kosa la kawaida la kunakili.

Hatua ya saba: Tenga rafu ya vinavyosomwa

Mpenzi wa vitabu husoma vitatu au vinne kwa wakati mmoja, na vitabu hivyo ndivyo huzagaa. Kila msomaji apewe nafasi fupi yenye jina lake, karibu na mahali anapopenda kukaa, isiyozidi upana wa vitabu vitano. Ikijaa, kimoja kirudi rafuni kabla kingine hakijatoka. Vitabu ambavyo bado hujavisoma navyo vikae pamoja, usawa wa macho, usivichanganye na vilivyosomwa. Ukiviona kila siku utavifikia, na utakumbuka ulichonacho kabla ya kununua nakala ya pili.

Hatua ya nane: Azimisha kwa maandishi

Daftari dogo lifungwe kwa kamba kwenye kabati. Aandike mwenye kitabu, si mwazimaji: jina la kitabu, jina la aliyekichukua, tarehe. Miezi mitatu ikipita, ulizia kwa upole. Kitabu usichoweza kuvumilia kukipoteza usikiazimishe, na useme hivyo waziwazi.

Hatua ya tisa: Weka kapu

Kapu moja lenye mdomo mpana liwekwe sebuleni, na yeyote asiyejua kitabu kinakwenda wapi akitie humo. Siku moja ya juma, wakati uleule, mtu mmoja analimaliza kapu kwa zamu. Kitabu kilekile kikionekana kapuni mara kwa mara, kihamishie kwenye kundi jingine na urekebishe safu ya kundi katika orodha siku hiyohiyo.