Uweke resolusheni ipi kwenye king'amuzi? Hatua kwa hatua

Wengi hudhani king'amuzi kikipandishwa hadi namba kubwa kabisa ya resolusheni (idadi ya nukta zinazounda picha) kwenye menyu, ubora wa picha nao unapanda. Haupandi. Chaneli ikirushwa kwa pikseli, yaani nukta za picha, 720 kwa 576, hizo ndizo zilizopo, na hakuna kitufe cha kuziongeza. Unachochagua pale kwenye menyu ni nani atakayeitanua picha mpaka ijaze kioo: king'amuzi au TV. Kazi hiyo kuna vyombo vinavyoijua na kuna vinavyobahatisha, na ndiyo maana mpangilio uleule unaweza kupendeza kwenye TV moja ukachukiza kwenye nyingine.

Hatua ya 1: Kijue kioo cha TV yako

Tafuta namba ya modeli kwenye kibandiko cha nyuma ya TV, kisha soma sifa za kioo chenyewe. Boksi ilimokuja isikudanganye. Ikiandikwa kwamba TV inapokea 1080p (1080 ni idadi ya mistari ya picha; p inaelezwa Hatua ya 2), maana yake inaukubali mkondo huo; haina maana kwamba kioo kina mistari 1080. TV nyingi zenye nembo ya HD Ready zina kioo cha pikseli 1366 kwa 768. Full HD ni 1920 kwa 1080. 4K ni 3840 kwa 2160.

Piga hesabu kidogo hapa, itakusaidia huko mbele. Picha ya 720 kwa 576 ina pikseli 414,720. Full HD ina 2,073,600, yaani mara 5. Kioo cha 4K kina 8,294,400, yaani mara 20. Kwa hiyo chaneli ya kawaida ikifika kwenye 4K, kila pikseli moja iliyorushwa inatakiwa kujaza nafasi ya ishirini. Ni sawa na kuikuza picha ya pasipoti ikatoshe ukuta. Usimlaumu fundi.

Hatua ya 2: Jua chaneli zako zinakuja vipi

Bonyeza kitufe cha Info ukiwa kwenye chaneli unazozitazama zaidi. Baadhi ya ving'amuzi huonyesha 576i, 720p au 1080i. Chaneli nyingi za HD hurushwa kwa 1080i, si 1080p.

Herufi ile ya mwisho ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa ni p, kila picha inakuja nzima. Ikiwa ni i, inakuja nusu nusu: kwa 1080i, kwanza mistari 540 ya witiri (1, 3, 5 na kuendelea), kisha 540 ya shufwa. Mahali fulani njiani lazima mtu aziunganishe nusu hizo, kwa sababu vioo vya kisasa huonyesha picha nzima tu. Ukiweka 1080i, TV ndiyo itakayounganisha. Ukiweka 1080p, umemkabidhi king'amuzi kazi hiyo.

Hatua ya 3: Kagua waya

Waya wa AV, wenye vichwa chekundu, cheupe na cha njano, haubebi HD, hata ukiweka namba gani. Tumia HDMI. Kwa 4K ya fremu 50 au 60 kwa sekunde, king'amuzi na tundu la TV vinatakiwa viwe vya HDMI 2.0 au zaidi, na chaneli za 4K zilizolindwa kwa kawaida hudai vyote viwili viwe na HDCP 2.2, yaani kinga dhidi ya kunakili. Si matundu yote ya TV moja yanayofanana, na kwenye baadhi ya TV tundu lenye uwezo huo halifanyi kazi kikamilifu mpaka uliwashe kwenye mipangilio. Kama kuna spika au kigawanyio katikati, kitoe kwanza ujaribu moja kwa moja.

Hatua ya 4: Weka resolusheni ya kuanzia

Ingia kwenye menyu, kisha mipangilio ya picha. Mara nyingi utakuta imeandikwa Video Output, TV Settings au Resolution. Anzia hapa:

TV ya Full HD: 1080i, kama chaneli zako nyingi za HD ni 1080i.

TV ya 4K na king'amuzi cha HD: 1080i au 1080p. Hata kama king'amuzi kinakupa 2160p, usiikimbilie. TV ya 4K iliyotengenezwa vizuri huwa inatanua picha vizuri kuliko king'amuzi cha bei ndogo. 2160p iachie king'amuzi kinachopokea chaneli za 4K kwelikweli.

TV ya HD Ready: hapa ndipo ushauri unaozagaa unapopotosha. Utaambiwa uweke 720p kwa kuwa namba zinakaribiana. Lakini chaneli ya 1080i ukiitoa kwa 720p, king'amuzi kinaipunguza kwanza hadi mistari 720, halafu TV inaitanua tena hadi 768. Ni mageuzi mawili, na kila geuzi linakula uwazi kidogo. Ukiiacha 1080i, picha inapunguzwa mara moja tu. Mimi huanza na 1080i, kisha nalinganisha na 720p, kwa sababu baadhi ya TV ndogo huunganisha nusu picha vibaya mno kiasi kwamba 720p inakuwa nafuu.

Kuna pia Auto. Hiyo huiuliza TV inapokea nini, na mara nyingi huchukua namba ya juu kabisa iliyotajwa, ambayo si lazima iwe inayolingana na kioo. Native au Source ni kitu kingine: kila chaneli inatoka kama ilivyorushwa, na TV inafanya kazi yote. Kwa TV nzuri ndiyo chaguo ninalolipenda kuliko yote. Tatizo lake ni kwamba ukihama kutoka chaneli ya kawaida kwenda ya HD, kioo kinakuwa cheusi kwa muda mfupi. Nyumba yenye mtu asiyetulia na rimoti itaichoka upesi.

Hatua ya 5: Usisahau 50 na 60

Pembeni ya resolusheni utaona 50 au 60, yaani hezi: mara ngapi picha hubadilishwa kwa sekunde. Fuata mfumo wa matangazo unayopokea. Sehemu kubwa ya Afrika na Ulaya hutumia 50. Marekani na Kanada hutumia 60. Chaneli ya 50 ikitolewa kwa 60, king'amuzi kinarudia baadhi ya fremu ili hesabu itimie, na utauona mtikisiko kamera inapozunguka uwanja taratibu. Watu hulalamikia antena kwa jambo hili, kumbe ni namba moja kwenye menyu.

Hatua ya 6: Jaribu kwa macho

Chagua hali moja ya picha kwenye TV, ile ya kawaida au ya sinema, na uache ile yenye rangi kali. Punguza Sharpness (ukali wa kingo); ikizidi, huchora mstari mweupe pembeni ya kila kitu na huwezi kulinganisha chochote. Angalia pia kama TV imebadilisha hali ya picha yenyewe baada ya wewe kubadilisha resolusheni, maana baadhi hukumbuka mpangilio tofauti kwa kila aina ya mkondo.

Sasa tafuta vitu vitatu. Kwanza, maandishi yanayotembea chini ya taarifa ya habari: kingo zake zikitoka meno meno, anayeunganisha nusu picha ameshindwa, basi mpe mwenzake kazi kwa kubadili kati ya 1080i na 1080p. Pili, wavu wa goli au mabati ya paa, mistari myembamba iliyopangana. Ikimetameta huku kamera inasogea, tatizo ni lilelile. Tatu, uso wa mtu kwenye chaneli isiyo ya HD: angalia nywele na nyusi, kisha badilisha resolusheni uone nani anatanua vizuri zaidi.

Fanya yote haya ukiwa umekaa pale unapokaa siku zote. Kioo cha inchi 43 kina kimo cha takriban sentimita 54, na ukikaa mbali zaidi ya mara tatu na kidogo ya kimo hicho, yaani kama mita 1.7, jicho lenye afya halitenganishi tena mistari ya 1080. Kutoka mita 3, kubishana kuhusu 4K kwenye TV hiyo ni kupoteza jioni.

Hatua ya 7: Maliza upande wa TV

Kama nembo ya chaneli imekatwa pembeni, TV inavuta picha nje ya kioo. Kwenye ukubwa wa picha chagua Just Scan, Screen Fit au jina linalofanana nayo. King'amuzi kiweke 16:9. Watu wakionekana wanene, chaneli ya 4:3 imevutwa. Rudisha pau nyeusi za pembeni, zina kazi yake.

Kioo kikiwa cheusi

Umechagua namba ambayo TV haiipokei. Usibonyeze kitu: ving'amuzi vingi hurudi vyenyewe baada ya sekunde 10 hadi 15 bila uthibitisho wako. Kisiporudi, tafuta kwenye rimoti kitufe cha kuzungusha resolusheni, mara nyingi V.Format, ubonyeze mara moja, usubiri sekunde chache, ndipo ubonyeze tena. Rimoti isiyo na kitufe hicho, chomeka waya wa AV kama tundu lipo, au peleka king'amuzi kwenye TV nyingine na ushushe resolusheni huko. Kukirejesha king'amuzi kama kilivyotoka kiwandani kuwe mwisho kabisa, kwa sababu utalazimika kutafuta chaneli zote upya.