Faili la muuguzi anayekwenda Ujerumani: jinsi ninavyolipanga hapa Kondele, Kisumu

Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin. Jioni ilipofika, Kondele nzima ilikuwa inazungumzia nafasi 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani iliikana namba hiyo siku hiyo hiyo: mkataba hauna idadi, na kila anayetaka kwenda sharti atimize sheria zao. Kukana huko hakukufika huku. Wiki ile saiba yangu (duka la intaneti) ilijaa watu wakiuliza fomu ya zile kazi ni ipi, na kila mmoja nilimjibu kwamba fomu ya namna hiyo sijaiona.

Kazi yangu ni kuandaa mafaili, na mengi ni ya wauguzi wa diploma. Kwa hiyo hapa naandika kuhusu uuguzi.

Hatua ya 1: Majina

Usianze na pasipoti. Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari), diploma na leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya, kisha soma jina kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi.

Kwetu huku hapa ndipo mafaili mengi yanapokwama. KCSE inasema Mary Achieng. Kitambulisho kimeongeza jina la baba, Odhiambo. Leseni ilichukuliwa baada ya ndoa, basi imeandikwa Mary Otieno. Wewe unajua ni mtu mmoja, na jirani yako anajua, lakini afisa aliyeketi Munich ana wanawake watatu mbele yake. Halafu kuna Adhiambo na Athiambo, herufi moja tu, kosa la karani wa miaka 20 iliyopita.

Chagua jina moja. Ushauri wangu ni kulifuata lile la KCSE, kwa kuwa karatasi ya KNEC, baraza la mitihani, ndiyo ngumu zaidi kuibadili. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Jina likibadilika kabisa, mtafute wakili akuandalie hati ya kubadili jina, isajiliwe na itangazwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Hayo yakiisha ndipo uombe pasipoti. Hata ofisi ya uhamiaji ya hapa Kisumu inapokea, huna haja ya kwenda Nairobi. Cheti cha mwenendo mwema cha DCI (idara ya upelelezi) subiri kwanza, kwani ukikichukua mapema kitazeeka kabla hujakihitaji.

Hatua ya 2: Kijerumani, kuanzia wiki hii

Karatasi zinaweza kusubiriana. Lugha haisubiri. Waajiri wengi wanataka uwe na B1, yaani kiwango cha kati cha lugha, kabla ya kupanda ndege, na leseni kamili ya uuguzi kule kwa kawaida inadai B2, kiwango kinachofuata. Anayeanza bila neno hata moja, akiwa bado na zamu za usiku, namwambia ajipe mwaka mzima hadi B1 na asimsikilize anayeahidi miezi mitatu.

Mtihani wa B1 wa Goethe, taasisi ya lugha ya Kijerumani, una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila moja unahitaji alama 60 kati ya 100. Uzuri wake ni kwamba ukianguka kusikiliza peke yake, unarudia kusikiliza peke yake. Nimeona watu wakilipia mtihani wote upya kwa kutojua hilo.

Hatua ya 3: Saa, siyo alama

Transkripti zetu zinaonyesha masomo na gredi. Wajerumani wanauliza saa. Mafunzo yao ya uuguzi yana saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo, na wanataka kulinganisha zako na hizo, somo kwa somo, wodi kwa wodi: saa ngapi upasuaji, ngapi watoto, ngapi wagonjwa wa akili.

Rudi chuoni uombe barua yenye mgawanyo huo, muhuri na sahihi. Nenda mwenyewe. Barua pepe kwa ofisi ya msajili hulala huko. Ongeza barua ya kila hospitali uliyofanya kazi, yenye tarehe za kuanza na kumaliza pamoja na idara, na cheti cha hadhi njema kutoka Baraza la Wauguzi. Halafu tafuta mtafsiri aliyeapishwa, maana mamlaka nyingi zinataka karatasi kwa Kijerumani.

Faili langu la kwanza kabisa nililiharibu mwenyewe. Nilipiga skani upande wa mbele wa transkripti, nikaacha nyuma palipokuwa na maelezo ya gredi na muhuri. Lilirudishwa baada ya miezi kadhaa. Siku hizi nageuza kila karatasi, hata kama nyuma ni nyeupe.

Hatua ya 4: Mwajiri, na jimbo lake

Ujerumani ina majimbo 16, na uuguzi unasimamiwa na jimbo. Maombi ya kutambuliwa kwa diploma yako yanapelekwa kwa mamlaka ya jimbo utakalofanya kazi, na orodha ya karatasi haifanani kila mahali. Ndiyo maana mwajiri anatafutwa kabla ya kutuma maombi, siyo baadaye. Kuna kituo cha serikali yao kilichoko Bonn, ZSBA, kinachowashauri bure walio nje ya nchi. Waandikie.

Anayepitia ajenti wa Kenya aangalie kwanza kama ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mtu anayetaka pesa za "kushikilia nafasi" mimi simjadili. Kulikuwa na mmoja hapa mjini, ofisi yenye kapeti na bendera mbili, aliyechukua amana za wateja wangu wawili. Siku ya tatu simu ilizimwa.

Mkataba wa kazi ukija, usitazame mshahara wa juu pekee. Huo ni kabla ya kodi, bima na pensheni. Uliza utalipwa ngapi ukiwa bado msaidizi wa muuguzi na ngapi ukishapata leseni yao. Kisha tafuta kifungu cha kurudisha gharama ukiacha kazi mapema. Mara nyingi kimewekwa kurasa za mwisho, na ndicho wateja wangu wanachokiruka.

Hatua ya 5: Barua ya mapungufu na viza

Jibu la jimbo likisema mafunzo yako yana pengo, usilie. Kwa diploma zetu hilo ni la kawaida, na barua hiyo ndiyo unayoijengea viza: unakwenda kufanya kazi huku ukiziba pengo kwa mafunzo ya nyongeza au mtihani wa maarifa.

Mwombe mwajiri atumie utaratibu wa haraka. Analipa euro 411 kwa ofisi ya wageni ya mji wake, na karatasi zikikamilika mamlaka ya utambuzi inatakiwa kuamua ndani ya miezi miwili. Ubalozi nao unatakiwa kukupa miadi ndani ya wiki tatu. Waajiri wadogo wengi hawaujui utaratibu huu, kwa hiyo utaje wewe. Viza yenyewe ni euro 75.

Aliyevuka miaka 45 ajue kuna sharti la ziada la kiwango cha mshahara au pensheni.

Siku ya miadi Nairobi, beba karatasi asili na nakala seti mbili, kwa mpangilio wa orodha ya ubalozi. Ukisafiri na basi la usiku kutoka Kisumu, faili lisiende kwenye buti. Lilalie.