Jinsi ya kumsamehe mtu aliyekula hela yako, halafu mnaimba kwaya moja

Niseme mapema tu, mimi sio mchungaji wala mwinjilisti, naimba sauti ya pili kwaya ya usharikani kwetu na siku za kazi nauza madaftari na sare za shule, kwa hiyo anayetaka mahubiri atanisamehe. Hii ni njia niliyopita mwenyewe, ilinichukua mwaka mzima na miezi kama minne hivi, na kuna sehemu nilikosea nikarudi nyuma, ndo hizo nataka wewe usirudie.

Kisa chenyewe ni kifupi. Nilimdhamini mwenzangu wa kwaya kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana hela, akakopa milioni moja aongezee mtaji wa vitenge, rejesho la kwanza akaleta, la pili akaleta nusu, la tatu simu haipatikani. Desemba tukavunja kikoba, wenzangu wanahesabu noti wanacheka, mimi naambiwa mdhamini ndo anabeba, wakakata laki nane na nusu kwenye hisa zangu hapo hapo. Hiyo ilikuwa hela ya mabati. Mvua za Machi zilinikuta na turubai, na Jumapili nasimama bega kwa bega na huyo huyo, tunashika daftari moja la nyimbo, yeye ndo anafunua kurasa. Nikavumilia wiki tatu nikahamia upande mwingine, nikawa nachungulia daftari la mama mmoja ambaye naye haoni vizuri, tunabahatisha wote.

Anza na hesabu

Kosa langu la kwanza ni kukimbilia kusema nimesamehe kabla sijajua nasamehe nini. Mzee wa kanisa aliniuliza kulikoni, nikamjibu haraka haraka, "aa mzee yameisha, nimemwachia Mungu." Hayajaisha hata robo, nilikuwa nalala nayo naamka nayo. Na tuambizane ukweli, "nimemwachia Mungu" ya kwetu mara nyingi maana yake nasubiri Mungu amchape nikiangalia.

Fungua Mathayo 18 kuanzia mstari wa 21 usome pole pole. Petro anauliza nisamehe mara ngapi, hata mara saba? Yesu anamwambia saba mara sabini, halafu anatoa mfano, na mfano wenyewe unaanza na mfalme anayetaka kufanya hesabu na watumwa wake. Hesabu kwanza! Daftari linafunguliwa, deni linatajwa, msamaha unakuja baadaye. Kwa hiyo chukua karatasi uandike nani, nini, kiasi gani, lini, na imekugharimu nini kingine zaidi ya hela. Mimi niliandika laki nane na nusu, nikaandika mabati, nikaandika aibu ya siku ya kuvunja kikoba, halafu kalamu ikaandika kitu ambacho hata sikukitegemea, kwamba sina tena mtu wa kucheka naye njiani tukitoka mazoezi. Hicho ndo kilikuwa kinauma, hela ilikuwa imekikalia tu kwa juu.

Na usipunguze deni ili uonekane mlokole. Watu wengi wanasoma ule mfano wakidhani yule mtumwa wa pili, aliyedaiwa na mtumwa mwenzake, alidaiwa vijisenti, sio kweli. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, kwa hiyo dinari mia ni siku mia za kubeba zege. Tuchukue kibarua wa elfu kumi kwa siku, hiyo ni milioni moja, yaani mkopo wa kikoba kabisa. Yesu hakusema ulichodhulumiwa ni kidogo, hapo nilipumua. Ila sasa piga na ya yule wa kwanza, aliyedaiwa na mfalme akasamehewa. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, yeye alidaiwa talanta 10,000, kwa kibarua wetu huyo huyo inakuja shilingi bilioni 600. Mtu katoka kusamehewa bilioni 600, jasho halijamkauka, anakutana na mwenzake wa milioni moja anamshika koo. Mimi sikumshika mtu koo, mimi nilikuwa naweka vijembe stetasi, na wala sikumbloki, manake ningembloki angevionaje?

Tafuta bilioni 600 yako

Hapa wengi tunaruka, tunaenda moja kwa moja kujilazimisha kumpenda mtu, haiwezekani, ni kama kuchota kwenye ndoo tupu. Lazima ukumbuke mahali ulipohurumiwa wewe, na sio kwa maneno ya jumla ya "sisi sote wenye dhambi", taja siku.

Yangu hii hapa. Nikiwa chuo nilimpigia baba simu nikamwambia ada imepanda laki mbili. Haikupanda, nilitaka simu mpya. Baba yuko Njombe, akauza magunia ya mahindi kipindi kile bei ipo chini kabisa, akatuma. Likizo nikarudi nyumbani, siku hiyo anatafuta kalamu kwenye begi langu akakutana na karatasi ya ada. Mimi nimesimama mlango wa jikoni naona kila kitu. Akaisoma yote, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akairudisha, akafunga zipu mpaka mwisho, akasema, "Njoo ule, ugali unapoa." Basi. Muhula uliofuata akatuma ada kamili na nauli juu. Hajawahi kulitaja mpaka leo, na mimi sijawahi kununua mahindi sokoni bila kuona ile zipu.

Niliwahi kusikia kwenye semina kwamba neno la Kigiriki linalotumika kwenye Injili pale mfalme alipomhurumia mtumwa, na pale baba alipomwona mwana mpotevu angali mbali, linatokana na neno la matumbo, viungo vya ndani. Nilielewa mara moja. Hii sio huruma ya mtu aliyekaa kwa juu anakuonea huruma, ni tumbo kukata, ni mtu kuingia hasara yeye ili wewe ule. Ukishaipata siku yako kama hiyo, kaa nayo. Mimi nilikaa nayo wiki kama mbili nikipika, nikipanga madaftari dukani, na kitu fulani kikaanza kulegea chenyewe.

Kuomba

Kwa kifupi, usiombe kistaarabu. Kama una hasira mwambie Mungu una hasira, Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza hata lini, na ya 109 ina laana mpaka unaona aibu kuisoma kwa sauti, na zote zimo kwenye Biblia. Bora ukamwage huko kuliko kwenye grupu la wanakwaya.

Halafu sali Baba Yetu lakini simama kwenye deni. Wakatoliki wanasali "utusamehe makosa yetu", ila kwenye Biblia ya Muungano Mathayo 6:12 imeandikwa "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu". Nilikuwa nikifika pale nataja jina na laki nane na nusu kwa sauti. Siku za kwanza sauti ilikuwa inagoma, naruka naenda kwenye majaribu, nakaa kidogo narudi.

Nenda wewe na yeye tu

Mathayo 18:15 inasema wewe na yeye mkiwa peke yenu. Sio wewe na mama mchungaji, sio wewe na kamati. Na tafadhali usifungue na "nimekuja kukwambia nimekusamehe", mtu hajakiri kitu atakuuliza kwani nilikukosea nini, mtagombana upya na safari hii mtakuwa na kesi mbili. Anza na salamu, uliza watoto, halafu sema kilichotokea kama ulivyokiandika, bila "wewe kila siku uko hivyo".

Mimi nilienda Jumamosi jioni. Anakaanga mihogo nje kwake, aliponiona akaipua mihogo haijaiva. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani, yakapotea yote. Akaanza yeye, "Dada, mimi nikikuona mbali nageuza njia." Akaingia ndani akatoka na daftari dogo la mkopo, limelowa mafuta, majina yamejaa kurasa nne, watu wa maofisini waliochukua vitenge wakasema watalipa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi gani, Mungu ndo anajua. Kumbe na yeye ana watu anaotaka kuwashika koo. Nikamwambia mabati, nikamwambia turubai, nikamwambia na ile ya kucheka njiani, akalia, nikalia, mihogo ikalowana mafuta hakuna aliyeila.

Nakutahadharisha lakini, sio kila mtu atalia. Wapo watakaokujibu jeuri. Ukijibiwa jeuri ondoka, ulichoenda kufanya umekifanya, kulipa na kutubu ni upande wake.

Sasa na hela?

Hapa ndo napishana na watu wengi kanisani. Kusamehe na kufuta deni ni vitu viwili, na kusamehe na kumwamini tena navyo ni viwili. Unaweza kusamehe ukafuta, kama una uwezo na moyo umekubali, ni jambo zuri sana. Unaweza pia kusamehe mkakubaliana alipe, wala haupungukiwi wokovu, Zakayo, yule mtoza ushuru, alipookoka alisema mwenyewe atarudisha mara nne, na Yesu hakumwambia aa, acha tu. Sisi tulikubaliana elfu ishirini kila mwezi kwa sababu yeye ndo alitaka, alisema asipolipa hataweza kunitazama usoni, nikaona kumfutia kwa nguvu itakuwa kumnyang'anya kitu.

Kumdhamini tena, hapana. Nimemwambia na hajachukia. Mithali wanaonya kabisa kwenye sura ya 22 kwamba ukidhamini halafu huna cha kulipa watakuja kuchukua mpaka kitanda unacholalia, sijui kwa nini hiyo haisomwi siku ya kuanzisha vikoba.

Na ile "samehe na usahau" uitafute, hakuna mstari wa hivyo. Angalia Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake akaishia Misri. Mwanawe wa kwanza alimwita Manase akisema Mungu amenisahaulisha taabu zangu, lakini ndugu zake walipokuja Misri aliwapima kwanza, akawafichia kikombe cha fedha kwenye gunia la Benyamini aone kama bado ni watu wa kumuuza mdogo wao, na alipojitambulisha alisema waziwazi mimi ni ndugu yenu mliyeniuza. Alisahau na hakusahau. Alilia mpaka Wamisri wakamsikia, na bado alilitaja.

Kama anayekuumiza ni mtu anayekupiga, au anamuumiza mtoto, acha kusoma mambo ya mihogo hapa. Ondoka kwanza, nenda dawati la jinsia polisi, kwa mtoto piga 116. Moyoni unaweza kusamehe ukiwa mbali na salama, na mtu akikulazimisha urudi ukapigwe kwa jina la Yesu huyo anakudanganya, hata kama ana kola nyeupe shingoni.

Itarudi

Kile kitu kinarudi, ndo nilikuwa sijui. Nilidhani ile Jumamosi imeisha. Miezi miwili mbele namuona kwenye stetasi na gauni jipya la sendoff, na mwezi huo elfu ishirini haijaja. Mwili wote ukapata moto, nikaandika kijembe kizima, kidole kipo kwenye kutuma. Nadhani saba mara sabini ndo ilikuwa hapo, sio mtu kukukosea mara 490, ni kosa moja tu unalisamehe Jumatatu, Alhamisi linarudi unalisamehe tena. Nikafuta. Nikarudi kwenye karatasi yangu ya hesabu na kwenye ile zipu ya baba, nikaanza upya kama vile sijawahi kusamehe. Jioni hiyo hiyo nikaja kusikia gauni lenyewe la kuazima.

Siku ukishindwa kabisa, lala. Maombolezo 3 inasema rehema zake ni mpya kila siku asubuhi, na mimi nimeona asubuhi hasira inakuwa imepungua hata kama haijaisha. Zaburi 103 nayo inasema anakumbuka sisi ni mavumbi, kwa hiyo hashangai ukirudi pale pale.

Mpaka sasa imebaki laki saba na nusu, kuna miezi inaruka. Mabati nimeshaweka upande mmoja wa nyumba. Jumapili iliyopita nilirudi kusimama kwenye nafasi yangu ya zamani, akasogeza daftari bila kuniangalia, tukaenda vizuri mpaka ubeti wa tatu, akafunua kurasa mbili kwa pamoja tukajikuta tunaimba maneno ya pambio lingine kabisa, tukacheka mpaka mwalimu wa kwaya akatukata jicho.